Nilipiga hodi juu ya mnazi, rubani akaitika bondeni

Salaam wakuu. Hii si ya kusimuliwa, nimeiona kwa macho yangu hapa hapa Pemba. Mie niliishia shule ya msingi na naandika polepole, basi nivumilieni.

Naishi Jadida, Wete. Kazi yangu ni ukwezi wa minazi.

Kwa wasiojua: huku mkwezi hapandi kimya. Ukiwa juu unaona nyua za watu wote, na pengine kuna mama anaoga. Kwa hiyo unapiga hodi kwanza, kwa sauti, mpaka uitikiwe.

Tabu yangu ni kuona haya. Sauti hainitoki. Bi Time, jirani yetu, alishawahi kunishusha mnazini kwa ufagio.

"Wee Hamadi, hodi gani hiyo ya kifaranga? Iko siku utanikuta na povu kichwani!"

Basi alasiri moja mawingu ya mvua yalikuwa yametanda, nimesimama chini ya mnazi wake. Kikaja kidege kidogo, chini chini, injini inakohoa. Bi Time akatoka anajifunga kanga.

"Na huyu naye kapita bila hodi!"

Tukacheka. Hatujamaliza, injini ikanyamaza. Kisha tukasikia miti inavunjika huko kwenye vilima.

Halafu kimya.

Wakuu, kimya kile sijapata kukisikia. Hata kuku walinyamaza.

Watu wakatoka mbio, wake kwa waume. Pemba hatuna milima mirefu, lakini ni kilima baada ya kilima, na mabonde yake yana kichaka usichopenya bila panga. Ukungu ukashuka. Moshi hakuna. Kila mtu anaonesha upande wake, tunaita, mwangwi unaturudia kutoka kila pahala.

Magharibi inakaribia. Mmoja akasema, "Pengine keshakufa huyo." Wengine wakaanza kugeuka.

Mzee Kombo, mkubwa wa mtaa wetu, akaniambia, "Hamadi, panda ule mnazi wa kileleni, utazame."

Nikafunga kamba miguuni. Nyumba karibu haikuwapo hata moja, lakini mazoea ni mazoea. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Hodiii!"

Chini wakaangua kicheko. "Hodi kwa nani, yakhe? Kwa popo?"

Nikapanda kwa aibu. Kufika juu, ukungu mtupu, sioni hata bonde. Basi nikapiga tena, safari hii kwa nguvu, maana nilishaaibika tayari.

"Hodiii!"

Ikatoka sauti chini kwenye ukungu, nyembamba kama ya mgonjwa.

"Karibuuu..."

Wallahi, nusura niuachie mnazi.

Walioko chini hawakuisikia. Nikawaambia, "Yuko hai! Upande wa kibla!" Wakaingia kichakani, mie nikabaki juu. Nikiita, anaitika, nao wananipigia kelele nijue walipo, nami nawaelekeza. "Shukeni! Kushoto!"

Kila akiitika sauti inapungua. Mara nikaita, kimya. Nikaita tena, kimya.

Bi Time akapiga kelele kutoka chini, "Paza sauti, mwanangu! Mwite kama unataka kuamsha mji!"

Nikaita mpaka koo likawasha.

"...karibu."

Walimkuta rubani ndani ya kidege kilichonasa kwenye mti wa mdoriani, kimeinama pua chini, naye ananing'inia kwenye mkanda, mguu umevunjika. Alikuwa peke yake. Mdoriani ule ulikuwa ukingoni, na chini yake ni genge la mawe matupu. Tawi moja tu lilikizuia. Nilishuka nikawafuata, nikalitazama tawi lile. Subhanallah.

Walimshusha kwa kamba zangu, wakambeba kwenye mlango uliong'olewa kwenye kibanda cha shamba la mbali. Alipopita akanishika mkono.

"Nilishakata tamaa, ndugu yangu. Nimesikia hodi, nikajibu tu. Mama yangu alitufundisha, hodi haiachwi bila jibu."

Alipona. Anatembea kwa gongo.

Funzo nililolipata: ada ya wazee usiifanye nusu nusu kwa kuona haya. Hujui Mungu kaiwekea nini.

Siku hizi nikifika kwa Bi Time, kabla sijafungua kinywa ananiambia, "Polepole, mwanangu, tusije tukaitikiwa kutoka Tumbe kule kaskazini!"

Kwenu mkwezi hupiga hodi, au anapanda tu? Na je, mmewahi kuitikiwa msipotarajia? Nasoma polepole ila nitajibu wote.

Yangu ni hayo. Hodi, wakuu.