Jina Nililolisoma Ukumbini

Nikinyunyizia kachumbari siki, hubidi nisimame kidogo mpaka harufu ipungue. Wanangu hudhani ni kitunguu kinachoniwasha macho. Sijawahi kuwaeleza kwamba hiyo ilikuwa harufu ya nguo za Shangazi Mwanaidi, ya vidole vyake, hata ya mto aliolalia, kwa sababu mojawapo ya dawa za kusafishia picha ilinuka siki tupu, naye alishinda nayo kutwa.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Nilipelekwa kwake Kibiti nikiwa na miaka minane, kwa kuwa kijijini kwetu shule ilikuwa mbali, na yeye hakujaliwa mtoto. Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara ya Ikwiriri, na chumba cha mbele kilikuwa studio. Juu ya mlango palikuwa na kibao cha bluu: STUDIO ATHUMANI, PICHA SAFI. Athumani alikuwa mumewe. Ndiye aliyenunua kamera, na ndiye aliyemfundisha mkewe kuitumia. Hilo Shangazi hakulikana hata siku moja. Lakini zilipokuja zile siku za ruksa na kila mwenye miguu akakimbilia biashara, Bwana Athumani alikwenda Dar es Salaam kuuza mitumba. Alirudi mara mbili au tatu kwa mwaka, na miwani mipya ya jua, na redio kaseti iliyoimba mpaka betri zikalegea. Kamera hakuigusa tena. Picha zote walizopigwa watu wa Kibiti miaka ile, za harusi, za vitambulisho, za watoto waliohitimu Kurani, zilipigwa na mkewe chini ya kibao chenye jina la mume.

Bibi yangu alipokuja kututembelea alikitazama kibao kile, akasema, "Anayetaga kuku, anayewika jogoo." Shangazi alicheka. Na mimi nilicheka, nikidhani wanazungumzia kuku.

Umeme haukuwapo. Chumba cha giza kilikuwa stoo ya mpunga iliyozibwa kwa mablanketi, na taa yake ilikuwa kandili lililovishwa kitambaa chekundu. Dirishani Shangazi alitoboa tundu, akalitilia kifuniko. Akishapanga negativu juu ya karatasi, alifunua kifuniko kile mwanga wa jua uingie, akasoma Kulhuwallahu mara moja, si haraka wala si polepole, kisha akafunika. Siku ya mawingu alisoma mara mbili. Karatasi ikiingia kwenye beseni la dawa, uso wa mtu ulianza kutoka majini, nywele kwanza, kisha macho. Nimeona mengi tangu hapo, lakini sijaona linaloshinda hilo.

Likizo moja alinichukua Salale, huko kwenye delta. Tulipanda gari la mizigo mpaka Nyamisati, kisha boti ya injini iliyokata vijito katikati ya mikoko, na njia nzima kamera ilikuwa kifuani pake, imefungwa kwa kanga mbili kama mtoto mchanga. Ulikuwa msimu wa kuvuna mpunga, na watu walikuwa wamehamia kwenye madungu yao, vile vibanda vya juu ya nguzo mashambani. Huko ndiko alikokuwa Bi Tatu, kungwi aliyewafunda wanawake wa vijiji kadhaa, mama zao na mabinti zao. Hakuwa amepigwa picha maishani mwake, maana wapiga picha aliowajua walikuwa wanaume, na yeye hakuwahi kufunua kichwa mbele ya mwanamume asiyekuwa wake.

Tulimkuta anasukwa na binti yake. Nusu ya kichwa imekwisha, nusu imesimama nyeupe kama pamba.

"Mwanaidi, wewe mwanamke mwenzangu," alisema. "Nipige hivi hivi, na mvi zangu, wajukuu wajue nilikuwaje. Lakini picha hii isitoke mikononi mwa wanawake."

"Haitatoka, Bi Tatu. Moja nitakuletea wewe, na nyingine nitaiweka sandukuni mwangu."

Bi Tatu akacheka, kinywa kina meno mawili tu, na Shangazi akampiga katikati ya kicheko. Sijui kama aliwahi kupiga picha nzuri kuliko ile.

Mwaka uliofuata alikuja bwana mmoja na mkoba wa ngozi. Alikuwa anakusanya picha za maisha ya Warufiji kwa ajili ya maonyesho. Shangazi alikuwa Ikwiriri msibani, na Bwana Athumani, kwa bahati yake, alikuwa nyumbani.

"Kazi hizi zote ni zako, Bwana Athumani?" mgeni aliuliza.

Bwana Athumani alinyoosha mkono kuelekea kibao. "Si unaliona jina?"

Akaingia chumbani, akatoka na sanduku la bati la picha na negativu kutoka uvunguni. Nilikuwa nimekaa kizingitini na daftari langu. Nikasema, "Mjomba, hilo la Shangazi."

"Kamletee mgeni maji," akanijibu.

Nikaleta maji. Nilipotoka nayo, sanduku lilikuwa limeshafungwa nyuma ya baiskeli ya mgeni.

Shangazi aliporudi hakugomba. Aliinama, akatazama uvungu mtupu, akauliza neno moja tu: "Na ya Bi Tatu?"

"Picha ni picha," mumewe alisema. "Watarudisha."

Asubuhi alikwenda kumtafuta yule bwana, akakuta ameshaondoka.

Maonyesho yalifanyika katika ukumbi wa shule yetu. Mwalimu alinichagua mimi nisome karatasi ya kuwakaribisha wageni, kwa kuwa darasa la nne hapakuwa na aliyenishinda kusoma. Alinipa asubuhi ile ile. Nilivaa soksi mpya, nikapakwa mafuta mpaka magoti yakang'aa, nikasimama juu ya jukwaa, nikasoma kwa sauti niliyoipenda mwenyewe: "Picha hizi zote, zinazoonyesha maisha ya watu wetu, ni kazi ya mpiga picha wetu hodari, Bwana Athumani."

Watu walipiga makofi. Bwana Athumani alisimama na miwani yake ya jua, akainua mkono. Shangazi alikuwa nyuma, kwenye mikeka ya wanawake, amejifunika mpaka kidevuni. Na ukutani, ya tatu kutoka mlangoni, imekuzwa mpaka ikawa kubwa kama sinia, ilikuwa picha ya Bi Tatu, kichwa wazi, anacheka. Nilimwona mwanamke mmoja wa huko delta akiinyooshea kidole, kisha akamtazama Bwana Athumani, kisha akamvuta mwenzake wakatoka.

Tulipofika nyumbani Shangazi alinitilia maji ya kuoga. "Umesoma vizuri," akasema, akaingia ndani.

Haikupita wiki, akaja mtoto mkubwa wa kiume wa Bi Tatu. Alikaribishwa ndani, akakataa. Alizungumza akiwa amesimama mbele ya baraza, bila kupandisha sauti.

"Mama ananituma niulize. Mwanamume huyo alipanda dunguni kwake saa ngapi, yeye asimwone?"

"Hakupanda mwanamume," Shangazi alisema. "Nilimpiga mimi. Mama yako anajua."

"Mama anajua. Watu hawajui. Watu wamesikia ikisomwa, na aliyesoma ni mtoto wa nyumba hii."

Alinitazama mimi. Shangazi akamgeukia mumewe, aliyekuwa barazani na redio yake magotini. "Athumani, mwambie."

Bwana Athumani aliendelea kuzungusha kitufe cha redio. "Sasa unataka niseme nimesema uongo mbele ya wakubwa?" Akatafuta stesheni nyingine. "Hayo mambo ya wanawake, yamalizeni wenyewe."

Yule mtu akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Mwaka ule mabinti hawakupelekwa kwa Bi Tatu. Watu walisema kungwi anayejifunua mbele ya wanaume atawafunda nini watoto wa wenziwe. Bi Tatu hata mavuno mengine hakuyafikia. Shangazi alikwenda mazikoni na kilo zake za mchele, na wanawake wa pale, ambao wengi wao aliwapiga picha za harusi zao, waliupokea mchele ule, wakauweka nje ya uzio, wakaendelea na kazi zao. Alirudi na boti ya siku ile ile, mchele kichwani.

Sanduku lilirudishwa baadaye sana, negativu zote zimegandana kwa unyevu. Alijaribu kuziloweka, zikachubuka kama ngozi. Kisha vijana walikuja na kamera za rangi, wakawa wanapeleka filamu kusafishwa Dar es Salaam, na hapakuwa na aliyemhitaji tena. Alikufa nikiwa mwalimu mpya huko Utete. Bwana Athumani aliishi miaka mingi baada yake, akaalikwa kwenye sherehe na kupewa kiti cha mbele, na kilipotoka kijitabu cha historia ya kwetu, Bi Tatu alikuwa kwenye jalada na jina la Bwana Athumani chini ya kidevu chake.

Nilifunga safari kwenda kwa waliokitoa. Kijana mmoja alinisikiliza kwa heshima zote. "Mama, una maandishi yoyote?" akaniuliza. Sikuwa nayo. Maandishi yaliyokuwapo ni yale niliyoyasoma mimi.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikuwa mtoto, na mtoto husoma alichopewa. Nimefundisha watoto wa umri ule kwa nusu ya maisha yangu, na najua wanachokijua. Karatasi ile niliisoma kimya mara tatu asubuhi ile kabla ya kupanda jukwaani, nikaliona jina, nikajua si la aliyepiga picha zile. Mwalimu alikuwa pale pale, hatua mbili kutoka kwangu. Ningemwambia, angempa karatasi mtoto mwingine, na mimi nilitaka kusoma.