Mak Sakdiah Ataka Mwiko wa Kanji

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na nafsi yake kwa muda mrefu, mwandishi wenu anatangaza kwamba gazeti hili la ukutani leo litaizungumzia Nguvu: nguvu ya mwanamke wa Kiislamu ndani ya mwezi mtukufu, chimbuko lake, matawi yake na mustakabali wake.

Tunaanza na vitunguu.

Saa nane mchana, siku ya kumi ya Ramadhani. Nyuma ya meunasah, nyumba ya sala ya kijiji cha Lam Reuhat, Mak Sakdiah ameketi juu ya kibao akimenya vitunguu vya kujaza mabeseni mawili. Machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Hatua tano mbele yake, Bang Hasballah, fundi pikipiki mwenye umri wa miaka sitini na moja, anakoroga sufuria kubwa ya kanji kwa mwiko mrefu kama kasia.

Kanji ndiyo uji wetu wa kufuturia: mchele, kamba, nyama ya kuku na viungo ambavyo kila bibi anavihesabu tofauti. Baada ya sala ya Alasiri, kila nyumba huja na ndoo yake kuchukua.

"Mak, unalia?" mwandishi anauliza.

"Vitunguu havina macho, mwanangu. Lazima mtu alie kwa niaba yao."

Mak Sakdiah ana miaka arobaini na tisa na ni mjane kwa mwaka wa tisa sasa. Ndiye mpishi wa shule yetu ya bweni. Hupikia wasichana mia na themanini mara tatu kwa siku, kwa mshahara wa rupia milioni moja na laki tano kwa mwezi, ambao ameusomeshea mabinti wawili. Mkono wake wa kulia una msuli ambao mwalimu wetu wa michezo hana. Mwandishi amewapima wote wawili kwa macho.

Lakini kanji ya Ramadhani hajawahi kuipika.

"Miezi kumi na moja chakula ni chakula tu, kwa hiyo apike Sakdiah," anasema huku akipangusa macho kwa kiwiko. "Ukiingia mwezi ambao chakula ni thawabu, ghafla wanaume wote wanajua kushika mwiko."

Kila jioni kabla ya Magharibi, kipaza sauti cha meunasah hutangaza: kanji ya leo imepikwa na Bang Hasballah, Mungu amlipe kheri. Wamenya vitunguu hawatajwi. Mak Sakdiah ameiomba kamati ya meunasah nafasi hiyo mara tatu.

"Mara ya kwanza wakasema mwanamke atachoka kukoroga. Mara ya pili wakasema moshi utanidhuru. Mara ya tatu wakasema nisubiri, na wakanisogezea beseni la pili."

Bang Hasballah si mtu mbaya, na jambo hili lisomwe vizuri. Ameshika mwiko huo miaka kumi na minne bila malipo. Ni mcha Mungu kuliko inavyohitajika. Teungku imamu wetu amekwisha kumweleza kwamba mpishi aliyefunga anaruhusiwa kugusisha ncha ya ulimi kwenye mchuzi, kisha ateme. Yeye hataki.

"Ulimi wangu nao umefunga," husema.

Basi hutia chumvi kwa kukisia, na mkono wake ni wa mtu anayeogopa deni.

Siku iliyofuata, baada ya Adhuhuri, kulikuwa na darasa la wanawake kwenye baraza ya nyuma. Ustadha Keumala, aliyerudi kutoka mjini na kalamu nene za rangi tatu, alitundika karatasi kubwa ukutani. Juu yake aliandika: Nguvu Niliyopewa. Akataka kila mmoja afikiri, kisha aseme yake.

Wanawake wa Lam Reuhat wanaweza kuzungumza tangu Alfajiri hadi Isha, ila wasiulizwe.

Nek Puteh, mwenye miaka themanini na moja, ndiye aliyeanza. "Nguvu yangu ni kulala. Nikijifanya nimelala, nasikia kila kinachosemwa nyumbani mwangu."

Ustadha Keumala aliandika "usikivu".

"Mume wangu haoni bila miwani," alisema Kak Rukaiyah, mke wa Bang Hasballah, "na mimi ndiye ninayejua ilipo."

Ustadha alisita na kalamu yake, akaandika "uangalizi". Ilipofika zamu ya Mak Sakdiah, hakucheka.

"Mimi nimekuwa nikifikiri tangu mwezi uingie," alisema. "Mchana kutwa nasimama karibu na maji, na kiu imenishika, na nayaambia maji, si sasa. Nikaona, mtu anayeweza kujiambia si sasa mara mia kwa siku, anashindwaje kuiambia kamati, ni sasa? Nguvu ninayo. Ila naimalizia kwenye chumvi."

"Chumvi gani, Mak?" aliuliza Ustadha.

Mak Sakdiah alitazama chini. "Nisameheni. Uji wa Bang Hasballah nikifika nao nyumbani huwa naupika upya. Naongeza chumvi, naongeza ndimu. Miaka kumi na minne. Nilikuwa naona haya kusema."



"Mimi natia pilipili manga," alisema mmoja.

"Mimi natia kitunguu cha kukaanga, na ule wa chini ulioungua naupa kuku."

"Kuku wako wanakula? Wangu wanaondoka."

Wote walimgeukia Kak Rukaiyah. Alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya ushungi.

"Tui la nazi," alisema. "Na chumvi vijiko viwili. Mume wangu hajawahi kuonja uji wake."

Ndivyo ilivyobainika kwamba nyumba arobaini na tatu zimekuwa zikipika kanji arobaini na tatu, kila mke akidhani ni yeye peke yake, huku mtu mmoja akiombewa dua kwenye kipaza sauti. Ustadha Keumala alifunika kalamu yake.

Nek Puteh ndiye aliyetoa wazo. "Siku moja tusiguse. Tuupeleke mezani kama ulivyotoka kwenye sufuria."

"Sitaki kumwaibisha," alisema Mak Sakdiah.

"Nani anamwaibisha? Tunawapa watu uji wake."

Walikubaliana iwe siku ya kumi na tatu. Mak Sakdiah alitoa sharti moja: hakuna kuongeza wala kupunguza. "Waonje alichopika, basi. Halafu nitaiomba kamati mara ya nne."

Siku ya kumi na tatu ilifika. Jua lilizama na adhana ikatolewa. Watu walikula tende, wakanywa maji, wakavuta bakuli zao.

Mwandishi alikuwa njiani, kwa ajili ya uchunguzi wa kihabari, na anaweza kushuhudia kwamba kijiji kizima kilinyamaza kwa pamoja. Kisha kukaanza kikohozi nyumba ya kwanza, kikajibiwa na nyumba ya tano. Mkuu wa kijiji alitoka barazani na bakuli mkononi, akamwita jirani yake kwa sauti ya chini.

"Kwako vipi?"

"Alhamdulillahi."

"Sikuulizi imani. Nakuuliza uji."

"Mimi nimemaliza mtungi wa maji. Mke wangu anasema ndivyo ulivyotoka meunasah."

"Na wangu kasema hivyo hivyo. Maneno yale yale."

Katika sala ya Tarawehe wanaume walitoka safuni mmoja mmoja kwenda kwenye mabomba. Teungku imamu alichagua sura fupi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nyumbani kwa Bang Hasballah, kama alivyosimulia mkewe baadaye, naye aliambiwa ndivyo ulivyotoka meunasah. Alionja kijiko cha kwanza. Kisha akala uji wote mpaka chini, kama mtu anayetumikia adhabu, akaosha bakuli mwenyewe.

Kesho yake alikuja nyuma ya meunasah na mwiko ulioviringishwa katika saruni safi.

"Sakdiah," alisema, "mmenivumilia miaka kumi na minne. Hakuna hata mmoja aliyeniambia. Chukua."

"Bang, kaa kwanza."

"Nina pikipiki ya mtu inanisubiri."

Hakukuwa na pikipiki. Jioni hiyo kipaza sauti kilitangaza jina la Mak Sakdiah kwa mara ya kwanza, na kanji ilikuwa tamu kiasi kwamba mkuu wa kijiji alituma ndoo mara mbili. Wasichana wa bwenini tulipiga makofi hadi matroni akazima taa.

Siku ya kumi na sita mwandishi alikwenda kumhoji mshindi. Alimkuta amesimama mbele ya sufuria, anakoroga, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyepata alichokitaka.

"Mak, unajisikiaje?"

"Uji ule ulikuwa na chumvi nyingi," alisema.

"Ndiyo. Ulikuwa mbaya sana."

"Hasballah haogopi kitu duniani kama kuzidisha chumvi. Miaka kumi na minne uji wake umepooza kama maji ya mvua. Siku hiyo moja mkono wake ukabadilika? Wanawake wote waliligundua hilo. Nimewauliza darasani, kila mmoja akatazama kucha zake. Nek Puteh kasema alikuwa amelala."

Mwandishi wenu, akitaka kuyarudisha mahojiano kwenye mambo ya juu, aliuliza swali la kitaalamu: sufuria kama hii hubeba konzi ngapi za chumvi kabla uji haujaharibika?

Mwiko ukasimama.

"Konzi?" alisema Mak Sakdiah. "Kijiji kizima kinasema Hasballah aliangusha kopo la chumvi. Wewe nani kakwambia ni konzi?"

Mwandishi alikumbuka ghafla kwamba ana somo la nahau.

"Intan. Kaa chini."

Mwandishi alikaa chini.

Hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alinipa kisu na beseni. Tulimenya, nami nikalia, na safari hii si kwa niaba ya mtu.

"Nilitaka wauonje uji wake," alisema hatimaye. "Uji wake, si wako. Sasa nimeshika mwiko, na yule mzee anakaa gereji amegeuza uso ukutani kwa kosa ambalo nusu yake si lake. Nitasimamaje jina langu likitangazwa?"

Jioni hiyo alikwenda gereji, nami nyuma yake, na akanifanya niseme mbele ya Bang Hasballah na mteja wa pikipiki, maana safari hii mteja alikuwepo. Bang Hasballah aliweka spana chini.

"Kumbe si mimi," alisema.

"Ni wewe nusu, Bang," alisema Mak Sakdiah. "Mkeo anatia tui la nazi."

Hapo ndipo alipocheka, mpaka akashika usukani wa pikipiki ya watu.

Mpango wa Mak Sakdiah ni huu. Ijumaa Bang Hasballah atapika kanji yake kama alivyozoea, na hakuna atakayeigusa, si sufuriani wala nyumbani. Jumamosi atapika yeye. Jumapili kamati na wanawake watakaa pamoja mbele ya Teungku, na kila aliyeonja atasema.

"Wakiutaka wake, nitarudi kwenye vitunguu na sitanuna," anasema. "Lakini sidhani. Na nikiushika tena, nitaushika kwa mikono miwili na hakuna atakayenong'ona chochote nyuma yangu."

Sharti lake la mwisho lilikuwa juu ya gazeti hili. "Wewe unajua kuandika," aliniambia. "Andika yote. Na jina lako."

Basi mimi, Cut Intan Farhani, wa kidato cha tatu, naungama mbele ya wasomaji wote wanaosubiri zamu ya udhu kwamba siku ya kumi na tatu ya Ramadhani nilikuwa zamu ya kuni, na Bang Hasballah alipoondoka kwenda kutawadha, nilitia chumvi kwenye sufuria. Nilidhani nawasaidia. Wanawake arobaini na tatu walikuwa wameamua jambo lao, nami nikaona hawataliweza bila mimi.

Zilikuwa konzi mbili.

Mak Sakdiah amesoma hadi hapa kabla gazeti halijabandikwa, na ametikisa kichwa.

Basi, tatu.