Maji ya Karafuu

Mimi si mtu wa kusubiri. Wali ukiwa jikoni nafunua sufuria mpaka mama ananifukuza. Sasa fikiria miezi ile ya kungoja majibu ya mkojo wake.

Nilikuwa nafanya kazi maabara, hospitalini hapa Pemba. Baba alikuwa ameshatutoka kwa maradhi ya figo. Kipimo cha kawaida cha damu kilisema salama, kikasema tena salama, kisha siku moja kikasema figo zimekwisha. Mama naye akaanza kuvimba miguu kila jioni, na kipimo kilekile kikasema yu salama. Sikukiamini hata kidogo.

Kwa hiyo watafiti wa bara walipokuja na kipimo chao kipya, nilimwandikisha mama kabla hawajamaliza kujieleza. Walisema mwili ukifanya kazi zake huacha mabaki madogo madogo ya kemikali, na mashine yao huko bara huyasoma mengi kwa pamoja ndani ya mkojo. Figo zikianza kuchoka, mpangilio wa mabaki hayo hubadilika mapema, damu ikiwa bado haijasema kitu. Mimi nilichosikia ni hilo neno mapema tu.

Vichupa vya mkojo viligawiwa kijijini kwetu Ole katikati ya msimu wa karafuu. Ilikuwa miaka ile ya vyama vingi, watu wa vyama tofauti hawazikani. Mama na jirani yetu wa ng'ambo ya njia, waliokuwa wakipelekeana futari tangu sijazaliwa, walikuwa hawaamkiani tangu uchaguzi, kila mmoja na bendera yake juu ya paa. Vichupa vyao viliingia sanduku moja la barafu.

Nikangoja, na kungoja kwenyewe nilikungoja vibaya. Nilimpigia simu msimamizi wa utafiti mpaka akawa hapokei. Kila nikipita karibu na mama nambonyeza mguu kuona kama kidole kinaacha shimo, naye ananipiga mkono.

Mwisho msimamizi akapiga mwenyewe. Mikojo ya wanaume wa Ole imesomeka, akasema, lakini ya wanawake karibu yote ina mafuta ya karafuu, yamefunika palepale walipotaka kuangalia. Je, wanawake wa kwenu wanakunywa dawa gani? Nikakata simu. Nilikwenda nyumbani mbio.

"Mama, vile vichupa mlivifanya nini?"

"N'likisuuza kwa maji ya karafuu," akasema, wala hakuacha kuchambua mchele. "Mkojo najisi, mwanangu, nao wenda kwa watu. Changu kikae ubavuni mwa cha yule wa ng'ambo, kisha kinuke? Atasema nini?"

"Na yeye alisuuza. Nyote mlisuuza."

Mama akaweka ungo chini, akacheka mpaka akajifunika kanga usoni. Mimi nilikuwa na hasira. Miezi ile yote ilikuwa imemwagwa pamoja na maji ya karafuu, na miguu ilikuwa bado inavimba.

Vichupa vilipogawiwa mara ya pili nilisimama mlangoni mwa choo kama askari. Aliponipa kichupa aligeuza uso pembeni, naye ni mama aliyenitawaza mimi nilipokuwa mchanga. Jirani alikirudisha chake kitupu. Alituma kusema hatoi tena, ameshaaibika.

Nikangoja upya, nikakonda. Majibu yakaja: maradhi yameanza, lakini ndiyo kwanza. Dawa zipo, chumvi ipunguzwe, na vile vidonge vya maumivu alivyozoea kumeza kila siku aviache. Nilikaa sakafuni maabara nikalia kwa woga na kwa shukrani, vyote pamoja.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako naye angalijuulikana mapema hivi?"

"Pengine."

Kisha akauliza, "Kichupa kitupu unacho?"

Nilimpa. Akavaa baibui, akavuka njia. Nilibaki kizingitini. Nilimsikia akipiga hodi, akapiga tena, kisha mlango ukafunguliwa na hakuna aliyemwamkia mwenzake.

"Usikisuuze," mama akasema. "Kitie hivyo hivyo. Hiyo miguu yako naiona siku zote, toka pale kwangu."