Shangazi Aliyepimwa Kama Pamba

Vijana ninaowafundisha kompyuta hapa Bariadi wakisikia "uchambuzi wa data" hukunja uso kama wamenyweshwa mwarobaini. Huwaambia data yangu ya kwanza ilikuwa shangazi yangu, tena ilikuwa na makelele.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kuchaguliwa kwenda sekondari. Baba, mkulima wa pamba kule Zagayu, alisema wazi: pamba ikitosha nitakwenda, isipotosha nitabaki nyumbani niolewe. Niliogopa sana. Ndio msimu ule soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Badala ya mnunuzi mmoja tuliyemzoea wakaja watatu, kila mmoja na bei yake na mizani yake ya kuning'iniza. Kijiji kizima kilimkimbilia mwenye bei ya juu, na baba naye alikuwa ameshafunga magunia.

Mimi ni mbishi tangu utoto. Nikasema tupime kwanza kitu kimoja kwenye mizani zote tatu. Jiwe lisingefaa, maana wapo waliokuwa wakificha mawe guniani, na ukionekana na jiwe karibu na pamba unaitwa mwizi palepale. Basi sengi, yaani shangazi, dada yake baba, mwanamke wa kujaa mlango, akajitolea yeye.

Sengi alimwamkia kila karani wa mizani "Mwangaluka!", salamu yetu ya asubuhi, akaomba apimwe kwa utani, akaning'inia huku watu wakivunjika mbavu. Mimi niliandika kwenye daftari. Tuliporudi nikamwonyesha baba: kwa mwenye bei ya juu, sengi alikuwa pungufu kwa kilo sita kuliko kwa mwenye bei ya chini.

Baba akatikisa kichwa. "Ng'wanawane, mwanangu, huyo wa bei ya chini amempima akiwa ameshakula."

"Ugali gani wa kilo sita?" sengi akafoka.

Iliniuma, lakini baba alikuwa na hoja. Kesho yake tukarudia, mara mbili kila mahali, sengi akiwa hajatia kitu tumboni. Alilalamika njia nzima kwamba nitamuua kwa ajili ya daftari. Namba zilisogea kidogo tu. Nikazidisha kilo kwa bei: yule wa bei ya chini, aliyekuwa akipiga miayo bila wateja, ndiye aliyetufaa.

Baba aligeuza mkokoteni mbele ya majirani waliokuwa wakimcheka, akamuuzia huyo, akarudi na pesa nyingi kuliko zao. Kesho yake asubuhi majirani walewale walikuwa uani kwetu, wakiomba kuazima shangazi.

Baba aliwatazama, kisha akaniuliza, "Huko sekondari wanafundisha hesabu za namna hii?"

"Ndiyo, baba," nikasema, ingawa sikujua lolote.

"Basi utakwenda. Pamba imetosha." Akamgeukia dada yake, aliyekuwa akitafuna kiazi. "Wewe hutoki. Huku tunakuhitaji."