Kengele ya Marehemu kwenye Njia ya Kisongo

Itambulike kwa umma wote kwamba njia ya pikipiki za magurudumu manne, iliyofunguliwa katika nyanda za Kisongo kwa ajili ya burudani na maendeleo, haijasababisha kugongwa kwa ng'ombe, mbuzi wala kondoo wa mwananchi yeyote, na kwamba wafugaji wa jirani wanafaidika nayo. Tangazo hilo lilibandikwa kwenye ubao wa getini, pamoja na habari nyingine za eneo: mashindano ya Jumamosi, harambee ya kwaya, mbuzi mweupe aliyepotea.

Mfugaji aliyefaidika alikuwa Lerionka. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kiliruhusiwa kuuzwa, na kampuni yenye njia hiyo ikagundua kwamba hata vumbi lina wateja. Majirani walinung'unika, Lerionka aliomba kazi. Akapewa ulinzi wa njia, buti, na koti lenye maandishi mgongoni, ambayo hakuweza kuyasoma akiwa amelivaa.

Kanuni iliyosifiwa na wote ilikuwa yake: dereva akiona mifugo, azime injini, ateremke kwa mserereko mpaka aipite. Lakini chombo kinachoteremka kimya kinaweza kumkuta mchungaji amegeuza mgongo, kwa hiyo kilihitaji kengele. Lerionka alikuwa nayo. Ng'ombe wake kiongozi alikufa kwa uzee kiangazi kilichopita, na kengele yake, ambayo kwa desturi huvalishwa mrithi, ilining'inia ukutani ikimsubiri mtamba mmoja apevuke. Akaitoa.

"Utamaduni huu!" alisema meneja, Melkizedeki, Mchaga wa Machame aliyepanga Kaloleni, akaifunga kwa mikono yake kwenye chombo cha mbele. "Wageni wataipenda, mzee."

Waliipenda. Asiyeipenda alikuwa Namnyaki, mke wa Lerionka, ambaye sasa ndiye aliyechunga.

"Baba Nice, ng'ombe hawali."

"Majani yamekauka."

"Majani yapo. Wanasimama tu, masikio yote huko njiani kwako, kama watu wanaosubiri basi."

Lerionka alicheka. Kesho yake akaenda kuona. Chombo kiliteremka, injini imezimwa kama kanuni inavyotaka, kengele ikitoa ile sauti yake nzito. Ng'ombe wakainua vichwa kwa pamoja. Hakuna aliyelia. Wakajipanga nyuma ya vumbi, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu uleule waliotembea nao nyuma ya marehemu. Injini ilipowashwa tena wakasimama, wakabaki wakitazama ilikoelekea.

Siku hiyohiyo alimfuata meneja kwenye banda la gereji.

"Bosi, naomba ile kengele. Nitakuletea nyingine."

"Nyingine ya nini? Hii imeshapigwa picha, iko kwenye vipeperushi."

"Ng'ombe wanaifuata."

"Si umepata mchungaji wa bure? Mwambie mama apumzike! Au na wao wanataka kupanda? Tutawatafutia helmeti yenye pembe."

Mafundi wakaangua kicheko. Lerionka naye akacheka kidogo, kama inavyompasa mwajiriwa. Angeweza kuifungua mwenyewe. Spana alikuwa nayo mfukoni. Lakini koti lilikuwa limeanza kumkaa vizuri, na siku hizi hata kikaoni walimwachia kiti. Akamwambia Namnyaki awapeleke mbali kidogo, ng'ambo ya korongo.

"Huko hawataisikia?"

"Huko ni mbali."

Na kweli, ng'ambo ya korongo majani yalikuwa mazuri.

Alhamisi upepo ulivuma kutoka mlimani. Dereva wa mbele aliona mbuzi wachache, akazima injini juu ya mteremko. Namnyaki hakusikia kitu. Aliona vichwa tu vikiinuka. Alikimbia mbele yao na fimbo, akipiga, akimwita kila mmoja kwa jina lake. Walimpita kushoto na kulia, bila haraka, wakifuata mstari ulionyooka kuelekea sauti. Katikati kulikuwa na korongo.

Melkizedeki alifika, akachungulia chini, akavua kofia. Kisha akaonyesha, mbele ya mashahidi, kwamba hapakuwa na alama ya tairi popote. Ilikuwa kweli. Lerionka alisimama ukingoni na koti lake. Namnyaki alikuwa amekaa chini, hamtazami.

Jioni ndama waliletwa zizini kusubiri mama zao, kama kawaida. Hakuna aliyekwenda kuchukua kibuyu cha maziwa.