Mtungi Ambao Hakuna Aliyeupima

Watu wa hapa kijijini Sabang wakimtaja Ludivina Magsino husema, "Maskini Mama Vina," kisha hutikisa kichwa. Huruma yao inanikera. Nimeendesha boti ya lile duka la uzamiaji miaka kumi na tisa, nimemwona akichanganya hewa ya mitungi kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, na nasema waziwazi: sisi tuliomheshimu ndio tuliomharibia maisha, yeye na mwanawe wa ubatizo, Delyo.

Alianza kwa kufua nguo za kuzamia za watalii. Siku hizo Ruud, Mholanzi mwenye duka, alikuwa akijaza mitungi mwenyewe kule nyuma, na Vina alikuwa akianika palepale huku akimtazama. Mwaka wa pili akamwambia Ruud kwamba anaingiza oksijeni haraka mno, mtungi unapata joto na kipimo kinamdanganya. Ruud akangoja mtungi upoe, akapima tena, akakuta mfuaji wake anasema kweli. Ndipo akamfundisha yaliyobaki: wanaokwenda chini sana watiliwe gesi ya heli kwanza ili kina kisiwalevye, kisha oksijeni, kisha hewa ya kawaida juu yake. Akamfundisha na mitungi midogo ya oksijeni tupu. Mzamiaji akiwa anapanda husimama mita sita chini ya uso wa maji, anavuta ile oksijeni, anasubiri mwili utoe gesi iliyojazana. Akipanda kabla haijatoka, inageuka mapovu ndani yake.

Kila mtungi Vina aliubandika utepe mweupe, akaandika kilichomo, kina cha mwisho na tarehe. Kanuni ya duka ilikuwa ukutani kwa rangi nyekundu: anayeutumia mtungi apime mwenyewe oksijeni iliyomo ni asilimia ngapi, aandike alichosoma daftarini, atie saini. Wageni walipima. Vijana wetu hawakupima.

Wangepimaje? Nusu yao Vina aliwasimamia ndoa, wengine aliwabeba kanisani wakiwa wachanga. Kupima mtungi wake mbele ya watu ilikuwa sawa na kukaribishwa wali na mama mkwe ukaanza kuunusa. Rodelio Atienza, Delyo wetu, ndiye aliyezidi, maana Vina alikuwa mama yake wa ubatizo.

"Delyo, pima."

"Nikupime wewe, Mama? Si bora nikapimwe akili?"

"Kazi ni kazi, mwanangu. Pima."

"Haya, umeandika ngapi? Tisini na tisa? Basi ni tisini na tisa." Anautupa begani, wenzake wanacheka, anaondoka.

Mwanzoni Vina alikuwa akija juu, anawafuata mpaka ufukweni na kile kipimo mkononi. Baadaye akachoka. Na sitamfichia: alianza kupenda. Nani asiyependa kuaminiwa namna ile? Ruud alikagua daftari kila Jumamosi, kwa hiyo Vina akawa anawatilia saini vijana wote, na ya Delyo aliiweza kuliko Delyo mwenyewe. Nilimwona mara nyingi. Nikajiambia mimi ni mtu wa usukani, ya daftari hayanihusu.

Kisha ikaja ile wiki ya kimbunga. Vivuko vilizuiwa, oksijeni ikawa haba. Ruud alikuwa na wanafunzi wa kufundishwa kubadilisha mitungi kwenye maji mafupi, na kwa kubana matumizi akachukua mtungi mmoja wa oksijeni uliokwisha, akaujaza hewa ya kawaida. Utepe hakuubandua. Somo liliahirishwa, mtungi akaurudisha kwenye safu, akasahau. Kesho yake Vina akaukuta umejaa na una mwandiko wake. Hakuupima, akampa Delyo. Naye aliamini mkono wake kama tulivyouamini sisi.

Delyo alishuka mita sabini na Mkorea mmoja, ambaye mtungi wake aliupima mwenyewe. Alipopanda hadi mita sita akauvuta ule mtungi mdogo; hewa ya kawaida haina ladha ya kukushtua. Kompyuta ya mkononi ilimhesabia Delyo dakika za mtu anayevuta oksijeni, kwa kuwa ndivyo alivyoiambia, na zilipokwisha wakapanda. Alinitania kwamba nimezeeka nikimsubiri. Hatujafika nusu ya njia ya kurudi, akataka kusimama, miguu ikakataa.

Nilimvalisha oksijeni ya dharura, nikavuka naye moja kwa moja mpaka hospitali ya Batangas. Wiki tatu walimwingiza na kumtoa kwenye chumba cha shinikizo, kile cha kuyayeyusha mapovu. Mwishowe akaweza kukaa. Miguu haikurudi.

Huku nyuma Vina alipima mabaki ya ule mtungi. Ishirini na moja, hewa ya barabarani. Alimwendea Ruud, na Ruud akakumbuka, akageuka rangi. Kisha akafungua daftari na kuweka kidole kwenye saini ya Delyo. Alisema hapa Delyo anakiri alipima akapata tisini na tisa, basi na tuache hivyo.

Tukiacha hivyo, kosa linakuwa la Delyo, na fidia hapati. Vina akisema kweli, kosa linakuwa la duka, lakini yeye anakiri kughushi saini, anapoteza kazi na jina, pengine na polisi wanamtaka. Kuamua hakukumchukua hata siku mbili. Mwanamke wa bima ya duka alipotoka Manila kumhoji Delyo hospitalini, Vina akaingia chumbani bila kuitwa, mimi nikiwa pale.

"Saini hii niliitia mimi," akasema. "Huyu hakupima. Hajawahi kupima hata siku moja."

Mwanamke wa bima akamgeukia Delyo. Delyo akalivuta daftari karibu.

"Ni mkono wangu," akasema. "Mama ana uchungu tu, anataka kunibebea."

"Delyo, acha ujinga. Una watoto."

"Nilipima, Mama. Nilisoma vibaya."

Yule mwanamke akaniuliza mimi niliyekuwa nao kila siku. Delyo alinikazia macho. Ningesema kweli, ningemfanya mwongo mbele ya mama yake na mama yake mhalifu mbele ya mgeni. Nikasema mimi naendesha boti. Jalada likafungwa. Sina wa kumlaumu kwa hilo, nilisema mwenyewe kwa mdomo wangu.

Ruud bado ana duka, na mimi bado naendesha boti yake. Vina aliacha kazi, ingawa vijana walikwenda kumbembeleza arudi, wakimwambia hawaamini hewa ya mtu mwingine. Aliwafungia mlango. Mke wa Delyo amekwenda Hong Kong kulea watoto wa watu, na Vina ndiye anayemwosha Delyo kila asubuhi, anamlisha uji wa mchele na tangawizi, anamsugua mgongo usitoke vidonda.

Wiki iliyopita niliwapelekea samaki. Nilimkuta Vina amepiga magoti kando ya kitanda, kitambaa mkononi, wala hakuona haya kwamba nipo.

"Nitukane, Delyo," alikuwa akimwambia. "Mara moja tu. Niite jina lolote."

Delyo akacheka kidogo. "Nitamtukanaje mama yangu?"

Kisha akamwomba amgeuze upande wa pili, na Vina akamgeuza.