Homa ya Mtoto, Dawa ya Mama

Kwa miaka arobaini tabibu Raru aliwatibu watoto wachanga wa kijiji chake, huko Malabar, bila kuwatia kijiko mdomoni. Kanuni aliirithi kwa mjomba wake: mtoto wa maziwa matupu akiugua, dawa anakunywa mama, imfikie kwa kunyonya. Watoto walimpenda mno. Mama zao walikuwa na maoni yao.

Jumatatu aliletwa Bhaskaran, wa miezi mitano, ana homa na kikohozi. Raru akamsikiliza kifua, kisha akamgeukia mama yake, Madhavi.

"Mwanangu, toa ulimi."

"Mgonjwa si huyu, Tabibu?"

"Huyo anapokea tu. Toa."

Akaagiza maji ya mwarobaini na pilipili ndefu, asubuhi na jioni, siku saba. Samaki wa kukaanga na achari marufuku. Madhavi akahesabu kwa vidole, uso ukamshuka. Harusi ya mdogo wake ilikuwa Jumapili.

"Usijali," alisema mama mkwe wake, Chirutha, kwa upole wa kutisha. "Tutakula kwa niaba yako."

Jumamosi Raru akapita kumkagua mtoto. Homa imekwisha, kikohozi kipo. Akampanua mdomo, akakuta punje ya wali kwenye ufizi. Na sherehe ya kumlisha wali wa kwanza hekaluni ilikuwa bado mwezi mzima!

"Nani kamlisha?"

Madhavi akaapa kwa miungu wote anaowajua. Chirutha akakagua paa.

"Dada Chirutha?"

"Alikuwa ananitazama nikila! Macho yale, wewe ungefanyaje?"

"Tangu lini?"

"Punje moja moja tu… tangu mwezi jana."

Mla wali hunywa dawa mwenyewe. Raru akamtilia kijiko cha dawa, cha kwanza kumpa mtoto mchanga maishani mwake. Bhaskaran akaionja, akafikiri, akamrudishia yote kwenye masharubu.

Raru akajifuta taratibu. Miaka arobaini ya heshima ilikuwa inamchuruzika kidevuni, na wanawake wawili wanatazama.

"Kanuni ni ileile," akasema hatimaye. "Dawa anakunywa anayelisha. Madhavi, wewe umemaliza. Dada, siku saba. Samaki na achari, marufuku."

"Mimi? Na umri huu?"

"Toa ulimi."

Jumapili harusini, Raru alimwona Chirutha amekaa mbele ya wali mtupu, akimkodolea Madhavi macho yaleyale. Madhavi alikuwa kwenye samaki wa tatu.

"Usijali, Mama," alisema, bila kuinua kichwa.